Plastiki Imeingia Katika Chakula cha Dagaa

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa serikali katika mji mmoja wa pwani. Tumeyachapa karibu yote.)



Nimeombwa niseme machache juu ya takataka za plastiki baharini. Aghalabu mtu akitajiwa jambo hili hufikiri habari za kasa aliyemeza mfuko, au nyangumi aliyekutwa ufukoni na tumbo lililojaa kamba na chupa. Habari hizo ni za kweli, nazo zinasikitisha. Lakini leo sikukusudia kuzungumza juu ya kasa wala nyangumi. Nimekusudia kuzungumza juu ya mnyama ambaye wengi wetu hatujapata kumwona kwa macho, ingawa sisi sote wa pwani tumelelewa naye.

Mnyama huyo anaitwa kopepodi. Ni wa ukoo mmoja na kamba na kaa, na urefu wake kwa kawaida ni milimita moja au mbili tu. Chakula chake ni mimea midogo mno ielewayo majini, ambayo haionekani ila kwa hadubini. Naye kwa zamu yake huliwa na vitoto vya samaki wa kila aina, na uduvi, na dagaa. Na hao nao huliwa na vibua, na vibua huliwa na nguru na jodari. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni mnyama gani anayeilisha bahari, sitamtajia papa. Nitamtajia huyu, ambaye elfu yake huenea katika kijiko.

Basi swali la leo ni moja: kopepodi anakula nini siku hizi, zaidi ya ile mimea aliyoumbiwa?

Kabla ya kulijibu hatuna budi tuijue plastiki yenyewe. Ile plastiki ya mifuko, ambayo wazee wetu waliiita nailoni na vijana wa baadaye wakaiita rambo, kwa jina lake la kitaalamu ni polithini. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, karibu kwa bahati, na wakemia waliokuwa wakijaribu kitu kingine. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza kiasi cha tani milioni 2 za plastiki za aina zote. Siku hizi dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walifanya hesabu ya plastiki yote iliyopata kutengenezwa tangu 1950 mpaka 2015, wakapata tani bilioni 8.3, na katika ile iliyokwisha kuwa takataka, sehemu 9 tu katika kila 100 ndizo zilizorudishwa viwandani, 12 zilichomwa moto, na 79 zimo majaani au zimezagaa ardhini na majini. Nawaomba mzishike hizo 79.

Sifa ya plastiki ni kutooza. Gome la muwa hutupwa, na baada ya msimu mmoja likawa mbolea. Lakini plastiki haina mdudu wa kuimaliza upesi. Hata hivyo kutooza si sawa na kutovunjika. Kandambili iliyotupwa ufukoni hupigwa na jua, na miale ya jua hukatakata vile vifungo vya ndani vilivyoishikilia. Ikapauka, ikakauka, ikawa kama biskuti. Wimbi likija likaivunja vipande, na vipande vikavunjwa tena. Mwalimu aliyewahi kushika ndoo iliyokaa juani miaka mitatu, ukingo ukambakia mkononi, anaelewa nisemalo. Kila mvunjiko huongeza idadi bila kupunguza uzito: kandambili ile ile moja, ambayo mtoto angeweza kuiokota kwa mkono mmoja, imekuwa chembe milioni ambazo hakuna mkono wala wavu utakaoziokota. Wataalamu huziita chembe ndogo za plastiki zile zote zisizofika milimita 5. Baadhi yake hazitokani na kuvunjika, bali hutoka kiwandani zikiwa ndogo vivyo hivyo. Na nyingine, nazo ni nyingi sana, ni nyuzi. Nguo ya poliesta ifuliwapo hutoa nyuzi. Kamba ya jahazi ikwaruzwapo hutoa nyuzi. Wavu wa nailoni uchakaapo hutoa nyuzi. Katika jaribio moja la Chuo Kikuu cha Plymouth, lililochapishwa mwaka 2016, ilikadiriwa kwamba mashine moja ya kufulia yenye kilo 6 za nguo huweza kutoa nyuzi zaidi ya laki 7 kwa mfuo mmoja.

HARIRI ZA KALE

Jinsi jambo hili lilivyojulikana ni hadithi ambayo ningependa ndugu zetu wa masjala waisikie.

Mwingereza mmoja, Alister Hardy, alibuni katika miaka ya 1920 sanduku la chuma linalofungwa nyuma ya meli ya biashara na kukokotwa. Ndani ya sanduku mna utepe wa hariri unaojikunja polepole kadiri meli inavyokwenda, na maji yapitayo huacha juu ya hariri hiyo vidudu vyote vya baharini. Kazi hiyo ilianza kufanywa mfululizo tangu mwaka 1931, kwa ajili ya kujua habari za kopepodi na wenziwe, kwa kuwa wavuvi wa Bahari ya Kaskazini walitaka kujua samaki watakuwa wapi. Hapakuwa na mtu aliyefikiri habari za plastiki. Lakini zile hariri, baada ya kusomwa, hazikutupwa. Ziliwekwa, zikaandikwa tarehe na mahali, zikakaa ghalani miaka na miaka.

Mwaka 2004 Profesa Richard Thompson wa Plymouth, pamoja na wenzake, walizifungua hariri hizo. Walitazama zile zilizopita kati ya Scotland na visiwa vya Shetland, na nyingine za njia ya kwenda Iceland, tangu miaka ya 1960 mpaka ya 1990. Katikati ya vidudu vilivyokauka waliona nyuzi zenye rangi ambazo si za mdudu wala za mmea. Zilikuwa plastiki, na katika hariri za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa nyingi zaidi kuliko katika zile za miaka ya 1960 na 1970. Ni kweli kwamba mapema zaidi, mwaka 1972, Wamarekani walikuwa wamekwisha kuandika juu ya punje za plastiki zinazoelea katika Bahari ya Sargasso, na juu ya samaki wadogo wa pwani waliozimeza. Lakini ni hizi hariri zilizoonyesha mwendo wa jambo lenyewe kwa miongo minne. Ofisa aliyezipanga ghalani alikuwa akitimiza wajibu wa kawaida tu. Faili lisilotupwa lina faida ambayo mwenye kulifungua hakuijua.

Thompson na wenzake walifanya na jambo la pili. Walichukua wanyama watatu wadogo: amfipodi, ambaye ni kijidudu kirukacho katika mwani uliooza, mnyoo wa mchangani, ule ambao wavuvi huuchimba kwa chambo, na tewe, yule aliyegandama miambani. Kila mmoja ana namna yake ya kula. Wa kwanza hutafuna mabaki, wa pili humeza mchanga, wa tatu huchuja maji. Wakawapa chembe za plastiki. Wote watatu wakala.

KWA NINI WANAKULA

Watu huuliza: je, mnyama hana akili ya kujua kisicholika? Jawabu ni kwamba mnyama mdogo wa bahari hajapata kuhitaji akili hiyo. Tangu bahari iwe bahari, kitu kielewacho chenye ukubwa wa sehemu ya mia ya milimita kilikuwa ama ni chakula, ama ni punje ya mchanga ambayo haina dhara. Kome hufungua gamba lake na kuyachuja maji usiku na mchana. Hawezi kukaa kama karani wa forodha akikagua kila kipande. Isitoshe, plastiki iliyokaa majini haibaki kama ilivyotoka dukani. Baada ya siku chache huota utando wa bakteria na mimea midogo, ikapata utelezi na harufu ya chakula. Tena utando huo huiongezea uzito, kwa hiyo ile iliyokuwa ikielea juu huanza kuzama, ikawafikia na wale wakaao chini.

Mwaka 2013 Matthew Cole na wenzake, wa huko huko kusini-magharibi ya Uingereza, waliwajaribu wanyama wa majini wa aina 15 kwa vijipira vya plastiki vidogo kuliko unene wa unywele. Aina 13 kati ya hizo walivila. Vilionekana kupitia ngozi yao nyangavu, viking'aa ndani ya utumbo kama shanga. Mwaka 2015 wakachapisha jaribio jingine ambalo kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Walimpa kopepodi chakula chake cha kawaida kilichochanganywa na vijipira vya plastiki. Kopepodi hakufa. Lakini alikula mimea iliyo pungufu kwa asilimia 11 kwa idadi, na kwa kuwa alichagua ile iliyo midogo zaidi, nguvu aliyoipata ilipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Baada ya siku kadhaa mayai yake yakawa madogo, na yaliyoanguliwa yakapungua.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari, nayo si ile ya picha za magazetini. Hatukuambiwa kwamba kopepodi hufa kwa sumu akaelea juu. Tunaambiwa kwamba anashiba kitu kisicho na chakula, kama mtoto anayenyweshwa maji ya wali akaonekana ametulia. Mwalimu anayefundisha asubuhi darasa la watoto waliolala na njaa anaijua hali hiyo: mtoto yupo, jina lake limeitikiwa, lakini hakui.

Na kwa wengine ndivyo vivyo hivyo. Mnyoo wa mchangani, alipowekwa katika mchanga uliochanganywa na plastiki, akiba ya nguvu mwilini mwake ilipungua hata kufikia nusu. Chaza walioishi miezi miwili katika maji yenye vijipira vya plastiki, huko Ufaransa, walitoa mayai machache kwa zaidi ya theluthi, na watoto wao wakakua polepole. Katika kome, vipande vilivyo vidogo kabisa vilitoka utumboni vikaingia katika damu, vikakutwa humo hata baada ya siku 48. Na kaa aliyelishwa kome hao alikutwa na chembe zile zile mwilini mwake. Yaani plastiki ilipanda ngazi pamoja na chakula.

Haki inanilazimisha niongeze neno. Katika mengi ya majaribio hayo, wanyama walipewa plastiki nyingi kuliko ile iliyomo katika maji ya bahari ya leo, na vijipira laini vya maabara si sawa na nyuzi na vibanzi vya baharini. Wako wataalamu wanaoukumbusha ulimwengu jambo hilo, nao wana haki. Kadhalika ni kweli kwamba plastiki huvuta sumu za mafuta zilizomo majini, kama DDT. Wajapani walionyesha mwaka 2001 kwamba punje ya plastiki iliyoelea baharini huweza kukusanya baadhi ya sumu hizo hata mara laki moja au milioni moja kuliko maji yanayoizunguka. Lakini wengine wamejibu kwamba samaki hupata sumu hizo hizo kwa wingi zaidi katika chakula chake cha kawaida. Mzozo huo bado unaendelea. Mimi naona kwamba mtu hahitaji kuungojea uishe. Plastiki baharini haipungui, na kile kinachoitwa leo kipimo kikubwa cha maabara huenda kikawa kipimo cha kawaida cha ghuba fulani kesho.

BAHARI YETU NA ZIWA LETU

Pengine baadhi yenu mmeanza kusema kwamba haya ni mambo ya Uingereza, huko kwenye viwanda. Basi tuje nyumbani.

Mapema mwaka 2017 wataalamu wa Kenya, wakiongozwa na Charles Kosore, walichota maji ya bahari ya nchi hiyo wakiwa katika meli ya utafiti iitwayo Mtafiti, wakachuja vidudu na kuvichunguza. Taarifa yao, iliyotoka mwaka 2018, ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo kwa bahari ya Kenya. Walikuta kwa wastani chembe 110 za plastiki katika kila mita moja ya ujazo wa maji ya juu. Walipoipima plastiki iliyomo ndani ya wanyama walikuta kwamba katika kila kopepodi 100 mlikuwa na chembe 33. Katika kila amfipodi 100, chembe 22. Katika vitoto 100 vya samaki, chembe 16. Na katika minyoo 100 ya aina ya mshale, ambayo ni myembamba na huwinda kopepodi, chembe 46. Yamkini huyo mwindaji amezidi kwa sababu hula na vilivyomo tumboni mwa mawindo yake.

Jambo lililonigusa zaidi ni aina ya plastiki yenyewe. Majini, nyuzi zilikuwa sehemu 76 katika 100; lakini matumboni zilikuwa 97. Yaani kitu wanachokula wanyama wale si vipande vya ndoo wala vizibo vya chupa, bali karibu chote ni uzi. Kwa hiyo tunapofanya siku ya usafi wa ufuko, tukaokota chupa na mifuko, tukapiga picha, tumefanya jambo jema. Lakini chanzo cha nyuzi hatujakigusa. Chanzo hicho ni kamba zetu, nyavu zetu, ile mikanda ya plastiki tunayofungia mwani katika mashamba ya baharini, na nguo tunazovaa, za mtumba na mpya.

Kwetu Tanzania, taarifa ya mwaka 2020 ilieleza uchunguzi wa mchanga wa pwani katika sehemu 18. Chembe nyingi kuliko kwingine zilikutwa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, mahali ambapo taka za mji huteremka na maji. Kombe pia walichunguzwa, wale ambao akina mama huwachimba wakati wa maji kupwa kwa ajili ya kitoweo. Nao walikutwa na plastiki. Na msidhani kwamba bara wamesalimika. Mwaka 2016 ilitolewa taarifa ya sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza: mmoja katika kila watano, wa kila aina, alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni.

Sasa nifikie dagaa, maana jina lake nimelitaja tangu mwanzo. Sangara hupasuliwa, utumbo ukatupwa, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya plastiki yake hutupwa pamoja nao. Dagaa hatupasui. Tunamwanika mzima, tunamkaanga mzima, tunamla na kichwa na utumbo, na ndiyo sababu anatupa chokaa ya mifupa ambayo minofu haina. Kombe na chaza ni vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, wanyama ambao maskini anawamudu ndio hao wanaoliwa na tumbo lao.

Je, tuwaambie wananchi waache dagaa? La, hasha! Ningemlaumu vikali ofisa wa afya atakayesimama na kusema hivyo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa zake za mwaka 2019 na 2022, halikusema kwamba imethibitika kuwa chembe hizi zimewadhuru watu kwa njia ya chakula na maji. Limetaka uchunguzi uendelee na uchafuzi upunguzwe. Lakini madhara ya mtoto kukosa protini hayahitaji uchunguzi wowote, tunayaona zahanati. Asimnyang'anye mtu kitoweo kwa sababu ya takataka ambayo hakuitupa yeye. Kosa liko juu ya mkondo, si kwenye sahani.

SHERIA NA MIANYA YAKE

Juu ya mkondo tumefanya nini? Kwa kweli tumefanya zaidi ya nchi nyingi tajiri. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Zanzibar nayo iliipiga marufuku miaka mingi kabla ya Bara. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Aliyeiona mitaro ya Dar es Salaam kabla ya tarehe hiyo na baada yake hawezi kudai kwamba sheria ile ilikuwa karatasi tu.

Walakini natazama mambo mawili. La kwanza ni ule mfuko mbadala. Unashikika kama kitambaa, wengi wetu tunauita wa kitambaa, na tunauona kama rafiki wa mazingira. Lakini sehemu kubwa ya mifuko hiyo imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki, iliyovutwa ikawa nyuzi na kushindiliwa. Shirika la Viwango lilipotaka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba lilikuwa na maana: mfuko mzito hutumika mara nyingi. Ule mwepesi unaouzwa kwa bei ya kutupa huchanika baada ya safari mbili, na unapochanika hutoa nini? Hutoa nyuzi, ambazo ndizo zile zilizokutwa katika matumbo ya vidudu vya Kenya. La pili ni vile vifungashio vyembamba vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungia bidhaa, ambavyo wachuuzi wamevigeuza vibebeo. Ofisa biashara anayepita sokoni akaviona, akanunua nyanya zake zikatiwa humo humo, akaenda zake, ameifuta sheria kwa mkono wake mwenyewe bila kulishirikisha Bunge.

Kuhusu dunia kwa jumla nitasema kwa ufupi, maana habari si ya kufurahisha. Machi 2022, mjini Nairobi, mataifa yalikubaliana kutunga mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Yakakutana Uruguay, Ufaransa, Kenya, Kanada, na Korea ya Kusini, na Agosti 2025 yakakutana Geneva, yakaachana bila maafikiano. Nchi nyingi, na za Afrika miongoni mwao, zilitaka utengenezaji wenyewe uwekewe kikomo. Nchi zenye mafuta zikataka tuzungumze juu ya kuzoa taka tu. Mafuta na gesi ndiyo malighafi ya plastiki, kwa hiyo msimamo wao hauna fumbo. Ikumbukwe tu kwamba mzigo wa bahari hauna pasipoti. Mei 2021 meli iitwayo X-Press Pearl iliungua karibu na Colombo, Sri Lanka, na punje za plastiki zipatazo tani 1,680 zilikuwamo. Fukwe zikageuka nyeupe. Hiyo ni Bahari ya Hindi, bahari yetu.

KAZI YA SHULE

Nimalizie na jambo ambalo walimu wataweza kulifanya bila kungoja fungu kutoka wizarani, kwa sababu vifaa vyake vinapatikana jikoni.

Kila shule iliyo karibu na bahari au ziwa inaweza kupima mchanga wake. Chagueni mahali pamoja, katika ule mstari wa takataka unaoachwa na maji yajaapo. Pigeni mraba wa nusu mita kwa nusu mita, mkwangue mchanga wa juu kwa kina cha sentimita 5, mkauanike. Uchekecheni ili mtoe magamba na vijiti. Kisha yeyusheni chumvi katika maji, kiasi cha gramu 350 kwa lita moja, mpaka isiyeyuke tena. Tieni mchanga katika ndoo ya chuma au chombo cha kioo, mimineni maji hayo ya chumvi, korogeni, mwache yatulie. Mchanga utazama. Polithini na polipropilini zitaelea, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko zenyewe. Plastiki ya chupa za soda na ya mabomba haitaelea, kwa hiyo hesabu yenu itakuwa pungufu ya ukweli, nanyi mwandike hivyo. Maji ya juu yachujwe kwa karatasi nyeupe, na wanafunzi watazame kwa lenzi. Wakitia shaka juu ya uzi, wauguse kwa sindano iliyopashwa moto: wa plastiki hujikunja na kuyeyuka, wa pamba huungua tu.

Hesabu iandikwe katika daftari moja la shule, pamoja na tarehe, hali ya maji, na jina la mahali, na irudiwe mahali pale pale kila kusi na kila kaskazi. Mwalimu akihamishwa, daftari libaki.

Na wakati wa kuchuja, siku hiyo wanafunzi wasivae sweta za nailoni. Tena wekeni pembeni karatasi nyingine nyeupe iliyoloweshwa, isiyotiwa kitu. Mwisho wa kazi hesabuni nyuzi zilizoiangukia kutoka hewani, na idadi hiyo iondolewe katika hesabu ya mchanga.